Jina la Soko, Jina la Kambi

Katika maneno Carrier Corps, herufi mbili za mwisho huandikwa tu, hazitamkwi. Wakazi wa Dar es Salaam wa mwaka 1916 hawakuyasoma maneno hayo popote. Waliyasikia vinywani mwa maofisa wa Kiingereza, wakayashika kama yalivyosikika, wakayapa irabu za kwao: Kariakoo. Wenzao wa Nairobi waliyashika kwa namna nyingine kidogo, na kule soko lao likaitwa Kariokor. Hivyo miji miwili mikubwa ya Afrika Mashariki ina masoko yenye jina la kikosi kimoja cha jeshi, na kikosi chenyewe hakikupewa bunduki. Kilikuwa kikosi cha wapagazi.

Nataka kusimulia habari za jeshi lililopita hapa Dar es Salaam katika vita vyote viwili vya dunia, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, yaani KAR, King's African Rifles. Nitaanza na wapagazi, kwa sababu karibu kila anayesimulia habari hizi huanza na askari, na akimaliza na askari huwa amechoka.

Mahali palipo soko leo palikuwa shamba la minazi la Mjerumani. Serikali ya Kijerumani ililinunua ili iwahamishie Waafrika huko, mbali kidogo na Uzunguni na Uhindini, na jengo kubwa la soko likaanza kusimama. Vita vikaja kabla soko halijafunguliwa. Septemba 4, 1916 Dar es Salaam ikasalimu amri, Waingereza wakaingia, wakakuta jengo lenye paa na uwanja mpana, nao walikuwa na watu maelfu wa kuwalaza. Wapagazi wakapelekwa pale.

Ilikuwa vita ya miguu. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa jeshi, mvua za masika zilimeza magari, na reli ilifika mahali ikakoma. Kila risasi, kila gunia la unga, kila machela ya majeruhi ilikwenda kwa kichwa au bega la mtu. Mpagazi alibeba ratili 50 au 60, akiwa na kibati chenye namba shingoni, kwa mshahara wa rupia 5 au 6 kwa mwezi. Na alikula nini? Unga wa mahindi, ambao wengi waliotoka kwenye migomba au mpunga hawakuuzoea, na ambao mara nyingi haukuiva kwa kukosa kuni, sufuria au muda. Kuhara damu kuliwamaliza. Malaria na kichomi vikachukua waliobaki, na mwishoni, mwaka 1918, mafua makubwa yaliyozunguka dunia yakawakuta wamerundikana makambini.

Mkuu wa kikosi hicho, Oscar Watkins, alikijua Kiswahili vizuri na alilalamika kwa wakubwa wake juu ya chakula, nguo na dawa. Malalamiko yake yamebaki kwenye majalada. Mwaka 1917, jeshi lilipotaka watu zaidi kwa ajili ya kusukuma vita kusini, wanaume walikusanywa kwa nguvu kijiji kwa kijiji. Kwa jumla Waingereza waliandika wapagazi karibu milioni moja katika vita vile, na kumbukumbu zao wenyewe zinakiri vifo zaidi ya 95,000. Hao ni waliohesabiwa. Upande wa Wajerumani hakukuwa na daftari la maana. Watu walichukuliwa njiani, wakatumikishwa hadi wakaanguka, wakachukuliwa wengine. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa wazazi wala wajane wao. Serikali za kikoloni na London zilibishana juu ya fedha hizo miaka mingi, na mwisho wake wenye haki hawakupata kitu.

Sasa askari.

Neno afande, ambalo kila Mtanzania hulitumia kwa polisi na mwanajeshi, lilifika pwani yetu mwaka 1889. Hermann von Wissmann alikuwa ametumwa kuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim, na hakuwa na watu. Akaajiri Wasudani wapatao 600 huko Misri, waliokuwa na vyeo vya jeshi la Kituruki, efendi kikiwa kimojawapo. Kutoka Msumbiji akaleta Wazulu. Katika hao Wazulu alikuwamo mtu aliyeitwa Sykes Mbuwane. Mwanawe alizaliwa mwaka 1894, akapewa jina la Kijerumani, Kleist, na alipokua akaingia jeshi lilelile. Jina la ukoo huo litarudi mara kwa mara katika habari hii, kwa sababu ukiufuata unapita katika kila jeshi lililotawala mji huu.

Waingereza nao waliunda Keya Januari 1, 1902, kwa kuunganisha vikosi vyao vya Nyasaland, Uganda, Kenya na Somalia. Walikuwa wabahili. Mwaka 1911 waliivunja batalioni nzima, ile ya 2, na baadhi ya askari wake, kwa kuwa kazi yao ilikuwa uaskari, wakavuka mpaka wakaajiriwa na Wajerumani. Vita vilipoanza Agosti 1914, Keya ilikuwa na batalioni tatu tu na askari wasiofika 2,500.

Novemba 1914 Waingereza walileta Wahindi karibu 8,000 kwa meli hadi Tanga. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akiwa na askari wachache sana kuliko wao, aliwarudisha baharini kwa siku chache. Tangu hapo ilichukua miaka miwili kwa wakubwa wa Uingereza kukubali jambo ambalo mtu yeyote wa Kilwa angewaambia: kwamba vita ya nchi hii itapiganwa na watu wa nchi hizi. Askari wa Afrika Kusini na wa Ulaya waliugua na kurudishwa kwao kwa maelfu. Kuanzia 1917 Keya ikapanuliwa haraka, hata vita vilipokwisha ilikuwa na batalioni 22 na watu karibu 35,000.

Mojawapo ya batalioni hizo ni ile ya 6. Iliundwa upya mwaka 1917, na askari wake wa kwanza walikuwa mateka. Walikuwa askari wa Wajerumani, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, waliokamatwa au waliojisalimisha, wakaulizwa kama wako tayari kuvaa sare nyingine. Wengi walikubali. Kuna wanaowahukumu kwa hilo, nami siwezi. Walikuwa na wake na watoto waliowafuata safarini, mishahara yao ya Kijerumani ilikuwa haijalipwa kwa miezi mingi, na vita yenyewe haikuwa yao tangu mwanzo. Mtu aliyejifunza kazi moja tu akinyang'anywa mwajiri, hutafuta mwajiri mwingine. Kinachoniuma ni kitu kingine: kwamba ndugu walisimama pande mbili za mto mmoja wakilengana bunduki, na amri zikatolewa pande zote mbili kwa Kiswahili.

Mahiwa, kule Lindi, Oktoba 1917, palikuwa pabaya kuliko pote. Kwa siku nne askari wa Nigeria na wa Keya walipambana na askari wa Lettow wakiwa hatua chache tu baina yao. Upande wa Uingereza ulipoteza watu wapatao 2,700, kati ya waliokufa na waliojeruhiwa. Kisha Wajerumani wakavuka Ruvuma, wakazunguka Msumbiji, wakarudi, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini, na huko Abercorn, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya mapatano ya kusimamisha vita kusainiwa Ulaya, wakaweka silaha chini.

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927. Kabla yake mji ulikuwa na sanamu ya Wissmann, na Waingereza waliing'oa walipoingia. Mchongaji, James Alexander Stevenson, alimtengeneza askari wa Keya akiwa anasonga mbele, singe ikielekea bandarini. Maandishi yaliandikwa na Rudyard Kipling, nayo yamewekwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja askari, na yanawataja pia wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sanamu ya Nairobi, ya miaka hiyohiyo, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Yetu ina mmoja. Mpagazi wa Dar es Salaam alipata neno kwenye jiwe, umbo lake halikuchongwa. Lakini kilometa chache kutoka pale, jengo alilolala lilifunguliwa kuwa soko mwaka 1923, na mitaa yote iliyolizunguka ikachukua jina la kikosi chake bila serikali yoyote kuamuru. Watu walisema tu "naenda Kariakoo", ikatosha.

Miaka ya amani haikuwa na mengi. Batalioni ya 6 ikawa batalioni ya Tanganyika, ikapunguzwa, ikakaa kambini. Kleist Sykes, baada ya kupigana upande wa Wajerumani, alipata kazi ya reli chini ya Waingereza, na mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Association. Ofisi ya chama ilijengwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, pembeni mwa Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi ili kutenganisha Uhindini na Kariakoo.

Mwaka 1939 vita vikarudi. Batalioni zikazaana, na namba zao zina siri ndogo ambayo ukishaijua unaweza kusoma historia nzima: tarakimu ya mwisho inataja mama. Batalioni ya 26, ya 36 na ya 46 zote ni watoto wa ile ya 6, yaani ni Watanganyika. Zaidi ya watu 80,000 kutoka Tanganyika walivaa sare katika vita hivyo, wengine kwa hiari, wengine kwa kuandikwa na majumbe.

Batalioni mama ilikwenda Ethiopia kupigana na Waitaliano. Mei 19, 1941, mahali paitwapo Colito, vifaru vya Kiitaliano viliwatokea askari waliokuwa wamevuka mto bila silaha za kuvizuia. Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya, alirukia kifaru kimoja, akafungua kifuniko na kuwapiga risasi waliokuwamo. Alipojaribu kufanya hivyo kwa kifaru kingine akauawa. Alipewa Victoria Cross. Waliokuwa pamoja naye siku ile walikuwa Watanganyika, na batalioni ikalichukua jina la mahali hapo ikaja nalo nyumbani. Mwaka uliofuata ikatumwa Madagaska, iliyokuwa chini ya Wafaransa wa Vichy. Mapigano hayakuwa makubwa. Kazi kubwa ilikuwa kuondoa miti na mawe yaliyorundikwa barabarani kutoka Majunga hadi mji mkuu.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1943, chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes, alama yake kichwa cha kifaru, mnyama. Ilikuwa na brigedi tatu: ya 21, ya 25 na ya 26. Batalioni ya 26 ya Keya ilikuwa katika brigedi ya 25, ya 36 katika brigedi ya 26, pamoja na batalioni za Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wakapelekwa Ceylon kufanya mazoezi ya vita vya msituni.

Njia ya kwenda huko ilikuwa Bahari ya Hindi, na bahari ilikuwa na nyambizi za Wajapani. Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika mbili hivi. Walikuwamo watu 1,511. Walikufa 1,297. Kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki kilichokuwamo kilikuwa na watu karibu elfu moja. Meli za ulinzi zilipoifuata nyambizi, zilidondosha mabomu ya majini karibu na watu waliokuwa wakielea. Ni miongoni mwa misiba mikubwa kabisa iliyowahi kuwapata watu wa nchi zetu baharini, na haina siku ya kukumbukwa kwenye kalenda yetu.

Walionusurika na bahari walifika Burma katikati ya mwaka 1944, wakati Jeshi la 14 la Jenerali William Slim lilipokuwa limewavunja Wajapani Imphal na Kohima. Wajapani walikuwa wanarudi nyuma kwa njia ya Bonde la Kabaw, na masika ya kule yalikuwa yameanza. Kazi ya kuwafuata ndani ya bonde hilo ikapewa divisheni ya 11.

Bonde lile lilikuwa na sifa ya kuua hata wakati wa amani, kwa malaria na homa nyingine. Tope lilifika magotini. Magari yalikwama, basi askari wakakata miti na kuitandika magogo kwa magogo ili barabara ipatikane. Maili baada ya maili ya barabara hiyo ilitengenezwa kwa mikono ya watu wa Keya. Chakula kilidondoshwa kwa ndege, na ndege zikishindwa kuona chini kwa mawingu, hakikudondoshwa. Majeruhi walibebwa mabegani. Mtoto wa mpagazi wa 1917 alikuwa sasa amepewa bunduki, lakini mzigo haukumshuka.

Agosti waliteka Tamu. Novemba 14 hivi waliingia Kalemyo, na Desemba 2, 1944 wakaishika Kalewa, kwenye ukingo wa mto Chindwin. Hapo wahandisi walijenga daraja la chuma lenye urefu wa mita 350 hivi, refu kuliko madaraja yote ya aina yake wakati huo, na jeshi la Slim likavukia hapo kuelekea Mandalay. Divisheni ya 11 haikwenda Mandalay. Ilikuwa imechoka, ikarudishwa India. Brigedi ya 28, yenye batalioni ya 46 ya Watanganyika, iliendelea hadi mto Irrawaddy, ikawekwa mahali pa kuwadanganya Wajapani kwamba ndiyo yenye kuvuka, ikapokea kipigo kilichokusudiwa kumwepusha mwingine.

Katika jeshi hilo hakukuwa na ofisa Mwafrika hata mmoja. Sajini mwenye miaka ya kazi alimpigia saluti luteni kijana aliyefika jana. Lakini jeshi lilifanya bila kukusudia kitu ambacho serikali ya kikoloni haikukitaka: lilimkutanisha Mhehe na Mkamba, Msukuma na Mganda, likawapa lugha moja. Kiswahili cha jeshi, kilichoitwa Kikeya, kilikuwa cha mkato, ngeli zimeporomoka, na mtu wa pwani alikicheka. Hata hivyo ndicho kilichotumika kwenye mahandaki ya Burma, na jeshi lilichapisha gazeti la Kiswahili kwa ajili ya askari wa huko, Heshima, lenye barua na habari za nyumbani. Pia waliona mambo. Waliwaona Wahindi wakidai nchi yao waziwazi.

Wana wawili wa Kleist, Abdulwahid, aliyezaliwa 1924, na Ally, walikuwa Burma. Vita vilipokwisha walikaa kambini Kalyan, karibu na Bombay, wakisubiri meli, na familia yao husimulia kwamba huko ndiko askari wa Tanganyika walikaa wakazungumza habari za kuunda chama cha siasa watakapofika nyumbani. Walifika. Mwaka 1950 Abdulwahid akawa katibu wa chama kilekile alichokianzisha baba yake, kwa jina jipya la TAA, na Dk. Vedasto Kyaruzi akiwa rais wake. Mkate wake aliupata kwingine: alikuwa msimamizi wa Soko la Kariakoo.

Kila nikifika hapa katika habari hii hunibidi nitue. Mtu ambaye babu yake alikuja na Wissmann, baba yake akapigana upande wa Lettow-Vorbeck, yeye mwenyewe akatoka Burma, alikaa ofisini akiangalia ushuru wa ndizi na samaki mahali ambapo wapagazi walilazwa. Hapo sokoni alimpokea mwalimu kijana wa Pugu, Julius Nyerere, ambaye mwaka 1953 alichukua uongozi wa TAA kutoka kwake. Julai 7, 1954, katika ofisi ya New Street, TAA ikawa TANU. Kadi ya kwanza ni ya Nyerere, ya 2 ya Ally Sykes, ya 3 ya Abdulwahid.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, batalioni ya 6 ya Keya ikabadilishwa jina tu, ikawa Tanganyika Rifles. Kambi yake ya Dar es Salaam, nje ya mji kwenye barabara ya Bagamoyo, iliitwa Colito. Kambi ya batalioni ya pili, Tabora, iliitwa Kalewa. Maofisa wengi walikuwa bado Waingereza, na mishahara bado ya kikoloni. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964 askari wa Colito waliasi, wakawafunga maofisa wao, wakaingia mjini. Maduka ya Kariakoo yaliporwa. Januari 25 makomando wa Uingereza walioshuka kutoka meli Centaur waliuzima uasi kwa muda mfupi, na Nyerere, ambaye aliona aibu kubwa kuwaita, akalivunja jeshi lote. Septemba 1, 1964 lilizaliwa jeshi jingine, JWTZ, chini ya Mrisho Sarakikya.

Upande wa makaburi, hesabu imechelewa mno. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa katika vita ya kwanza hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki. Tume iliomba radhi. Mwezi Julai mwaka huohuo Soko la Kariakoo, jengo zuri lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilishika moto. Limekarabatiwa, na halikubadilishwa jina.

Kambi ya Colito ndiyo iliyobadilishwa. Inaitwa Lugalo, kwa jina la kijiji cha Iringa ambako Agosti 17, 1891 Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Mjerumani Emil von Zelewski, wakaumaliza kwa mikuki katika muda wa dakika chache. Walikufa Wazungu kumi. Walikufa askari weusi zaidi ya 200, Wasudani na Wazulu wa jeshi lile la Wissmann. Na pamoja nao walikufa wapagazi karibu mia moja.